Huku pesa haionekani, ndiyo maana naiandika

Nyumbani nilijua pesa inaisha kwa sababu niliiona ikiisha. Bahasha ya kodi ilipungua unene, pochi ikawa nyepesi, na kila nilipotuma hela kwa simu ujumbe ulinitajia salio nitake nisitake. Huku ughaibuni, mwaka wa saba huu, mshahara unaingia benki usiku nimelala, na kabla sijaamka kodi ya nyumba, bima, umeme na intaneti vimeshakatwa. Dukani nagusisha kadi kwenye mashine, naondoka. Mwaka wangu wa kwanza nilipata kipato ambacho sijawahi kukipata maishani, na kila ikifika tarehe 20 sina kitu, wala sijui niulize wapi kilikokwenda.

Wengi tuliohama tunasingizia gharama za maisha. Gharama zipo, sikatai. Lakini kilichonimaliza mimi ni kwamba huku pesa haipiti mkononi. Kule, kutoa noti ni tendo. Unaihesabu, unaitazama, wakati mwingine unairudisha mfukoni. Huku matumizi yanafanyika bila wewe kuyatenda. Kwa hiyo naamini kabisa kwamba mtu aliyehama anahitaji programu ya bajeti kuliko aliyebaki, na naamini vilevile kwamba aijaze kwa vidole vyake mwenyewe.

Sikuanza hivyo. Nilianza na ile aina inayojiunga na benki. Barani Ulaya, tangu Januari 2018, kanuni za malipo zinazitaka benki zimruhusu mteja kuipa kampuni nyingine yenye leseni ruhusa ya kusoma akaunti yake, na programu nyingi za siku hizi zimejengwa juu ya ruhusa hiyo. Unaunganisha mara moja, miamala inajileta yenyewe, inajipanga kwenye mafungu, unapata mchoro wa duara wenye rangi nzuri. Niliutazama mchoro ule miezi mitano. Ulisema kila mwezi nabakiwa na akiba. Akiba hiyo sikuwahi kuiona.

Siku moja nilikaa nikafungua muamala mmoja mmoja, ndipo nikaelewa. Hela zote nilizotuma nyumbani programu ilikuwa imeziweka kwenye fungu la "uhamisho", yaani kama nimezitoa mfuko huu nikaziweka mfuko ule, na uhamisho hauhesabiwi kuwa matumizi. Ada ya mdogo wangu, dawa za mama, mabati ya nyumba, vyote havikuwepo kwenye mchoro. Sehemu kubwa kabisa ya wajibu wangu haikuwa na jina. Siwalaumu walioitengeneza, walimfikiria mtu mwenye kaya moja, chini ya paa moja, kwa sarafu moja. Mimi siyo mtu huyo, na naamini wengi mnaosoma hapa siyo watu hao.

Nikahamia GnuCash, programu ya hesabu unayoijaza mwenyewe. Ni ya bure, toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 1998, na faili lake linakaa kwenye kompyuta yako. Inatumia hesabu ya pande mbili, ile ambayo Luca Pacioli, mwanahisabati wa Italia, aliieleza katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494: kila kiasi kinachotoka mahali lazima kiingie mahali. Mwanzoni inachosha. Huwezi kuandika tu kwamba umetumia. Lazima useme imetoka akaunti gani na imekwenda fungu gani, na ukikosa la kusema, programu inaliweka pembeni kwenye akaunti isiyo na mizani, na litakungoja hapo mpaka ulijibu. Baada ya wiki tatu niligundua kitu. Nikiwa na simu mkononi, karibu kununua kitu, nawaza tayari jioni nitakiandika wapi. Hiyo ndiyo hisia ya kutoa noti. Imenirudia kwa njia nyingine.

Jumapili jioni mimi na mke wangu tunalinganisha hesabu. Yeye anasoma taarifa ya benki, mimi naweka alama. Wiki iliyopita tofauti ilikataa kufika sifuri. Ilisimama kwenye 27. Tulirudia mara mbili. Kisha nikakumbuka kanuni ya zamani ya watunza hesabu: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, angalia kwanza kama umegeuza tarakimu. 27 inagawanyika. Tukatafuta, tukaipata: 85 niliiandika 58. Mke wangu alicheka kwa furaha kama aliyeokota kitu kilichopotea. Naieleza kwa sababu jioni hiyo tulizungumza kuhusu pesa saa nzima bila kugombana, na miaka miwili nyuma tusingeweza.

Sasa upande wa nyumbani. Nimefungua akaunti mbili za sarafu mbili, na ninapotuma hela naandika pande zote mbili: kilichotoka huku na kilichopokelewa kule. Programu inataka kiwango cha kubadilisha, na hapo ndipo ukweli unapotokea. Ada ya kutuma wanaitangaza wazi. Makato mengine yamo ndani ya kiwango chenyewe, maana kile unachopewa ni duni kuliko kiwango cha soko cha siku hiyo. Naandika tofauti hiyo kwenye fungu lake, "kilichopotea njiani". Tangu nilione natuma mara moja kwa mwezi badala ya vipande vinne, kwa sababu ile ada isiyobadilika ilikuwa inakatwa mara nne.

Dada yangu, anayesimamia mambo kule, hatumii programu yoyote. Ana daftari, na mwisho wa mwezi anarudi kwenye jumbe za miamala kwenye simu yake, anajumlisha, ananisomea. Nami najaza. Na lazima niseme, katika jambo moja mbinu ya kule ni bora kuliko ya huku. Programu nyingi zinataka upange mwezi kwa kukadiria mapato, kwa sababu mwenye mshahara anajua kitakachoingia. Kule mapato yana msimu; mwezi mmoja yapo, mwingine hayapo. Dada hapangi hela ambayo haijafika. Anagawa iliyopo mkononi, basi. YNAB, programu ya bajeti iliyoanza mwaka 2004, imejengwa juu ya wazo lilelile, na watu wanailipia kila mwaka wafundishwe jambo ambalo mama alilifanya kwa bahasha. Nimeacha kukadiria. Hela ya saa za ziada ambayo sijalipwa bado, siigawi.

Jambo moja la kujihadhari, kwa kifupi: usiiache historia yako mikononi mwa kampuni peke yake. Microsoft Money, programu ya hesabu za nyumbani, iliacha kuuzwa mwaka 2009. Mint, programu ya bajeti iliyonunuliwa na kampuni ya Intuit mwaka huohuo wa 2009, ilifungwa Machi 2024 ikiwa na watumiaji wengi mno. Programu yoyote utakayochagua, hakikisha inaweza kutoa miamala yako kama faili la CSV, yaani jedwali la maandishi ambalo programu nyingine zinaweza kulisoma, na nakala moja iweke nje ya kompyuta.

Wapo wenzangu huku wanaoniambia kumhesabia mzazi ni uchoyo. Kwamba unachompa mama kinatoka moyoni, na cha moyoni hakiandikwi. Maneno haya yananiuma, kwa sababu wanaoyasema ni watu wema. Ila mwaka ule ambao sikuandika chochote ndio mwaka niliopigiwa simu mara mbili dawa zimeisha, na mara zote mbili nikajibu, "Subirini mwisho wa mwezi." Mama akasema hamna neno, mwanangu. Najua kwamba katika miezi hiyo hiyo nililipia huduma mbili za filamu ambazo sikuzitazama, kwa sababu baadaye nilizikuta kwenye taarifa za benki, mstari mmoja chini ya mwingine.

Fungu la dawa sasa ndilo la kwanza kwenye orodha. Nalijaza siku ya mshahara, kabla ya fungu la kodi yangu, na tangu Februari mwaka jana halijasoma sifuri.