Fulana za rangi moja hazijengi timu

Ofisi nyingi za Dar es Salaam kila mwaka hukodi basi, hushona fulana za rangi moja na kwenda Bagamoyo kuvuta kamba. Sina ugomvi na kamba, na samaki wa huko ni watamu. Ila Jumatatu kikao ni kile kile: bosi anasoma makisio, mhasibu msaidizi anaona kabisa kwamba gharama ya usafiri imeingizwa mara mbili, naye anainamia daftari lake. Wakishatoka, kwenye korido, ndipo anamnong'oneza mwenzake: "Niliiona, lakini ningeanzaje?"

Tatizo letu liko hapo. Watu wanapendana, wanachangiana harusi na misiba, ila mdogo hathubutu kumkosoa mkubwa mbele za watu.

Waliolishughulikia jambo hili kwa makini ni watu wa vyumba vya upasuaji. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa katika kila upasuaji. Ilijaribiwa kwenye hospitali 8, kuanzia Seattle na London hadi Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo yalitangazwa 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Mengi ni ya kitabibu, kama antibiotiki na kuhesabu sindano. Lakini limo hili: kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake, tangu daktari bingwa hadi muuguzi aliyehamia juzi. Sidai kwamba kutajana majina ndiko kulikookoa watu. Ninachoona ni kwamba muuguzi aliyekwisha kusikika mbele ya bingwa hatasita sana kusema, "Daktari, kitambaa kimoja hakionekani."

Na orodha peke yake haitoshi. Huko Ontario, Kanada, utafiti wa 2014 katika hospitali 101 haukuona vifo vikipungua kwa kiasi cha maana baada ya orodha kuanza kutumika. Sababu zinabishaniwa hadi leo. Mimi nashuku kuna mahali visanduku viliwekewa alama bila mtu kumsikiliza mwenzake. Nani asiyezijua fomu za namna hiyo?

Kwa hiyo ningeanza na kiti cha mwenyekiti. Bosi azungumze mwisho, maana akishatoa maoni yake mjadala umekufa, hata kwenye kundi la WhatsApp: anatuma ujumbe wa sauti saa tatu usiku, zinamiminika "sawa bosi", na nusu yao hawajausikiliza. Amuulize kwanza aliyeajiriwa karibuni, amwite kwa jina, na asimwulize kama ameelewa. Amwulize ameona kasoro gani. Akiitaja, irekebishwe pale pale, kikao kikiendelea, na iandikwe kwenye muhtasari kwamba yeye ndiye aliyeiona.