Mtori wa Mzazi

Mimi sina ugomvi na mtu. Ninachotaka ni bakuli moja la mtori, ule uji mzito wa ndizi na nyama. Moja. Na si lazima liwe bakuli. Nipeni kwenye kikombe cha chai, nipeni kwenye mfuniko wa hotipoti, nitapokea kwa mikono miwili.

Neema, binti yetu wa kwanza, leo ana siku 23. Alizaliwa Jumanne alfajiri na kilo zake 3.2, na kufika saa nne asubuhi mama mkwe alikuwa ameshateremka kutoka Kibosho hadi kwetu Moshi na bajaji iliyolalia upande mmoja: mikungu miwili ya ndizi mshare, galoni ya maziwa, kuku wawili waliofungwa miguu, na mwiko wake mwenyewe. Jamani, mwiko! Mtu anayekuja kwako na mwiko wake hajaja kusalimia.

Usiku ule nikaoneshwa kochi. Chumbani analala mzazi, mtoto na bibi wa mtoto. Mimi nalala sebuleni, miguu inaning'inia kuanzia magotini, na kuku mmoja (mwenzake alishapikwa) ananiangalia kutoka chini ya meza kana kwamba mimi ndiye niliyemwingilia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mama akijifungua ana likizo ya siku 84, na wakiwa mapacha siku 100. Baba ana siku 3, tena azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Zamani nilikuwa nikiwasikia watu wakilalamika kwamba siku tatu ni chache, na mimi nilikuwa natikisa kichwa pamoja nao. Sasa nasema ni nyingi mno. Zangu zote tatu nilimenya ndizi.

Wewe uliyezoea kukuta ndizi zimeshaiva kwenye sahani hujui utomvu. Mshare mbichi haimenywi kama ndizi ya kuiva. Unajipaka mafuta mikononi kwanza. Unachana ganda kwa kisu kutoka kwenye kikonyo hadi nchani, unapenyeza kidole gumba, unabandua, na kila unapobandua anatoka mjomba mweupe anayenata, akigusa shati lako hilo shati limeshakuwa la shamba. Ukimaliza moja unaitosa kwenye maji upesi, la sivyo inageuka nyeusi na mama mkwe anaguna. Mimi kwa kiherehere cha ubaba sikupaka mafuta. Siku ya nne narudi dukani, nauza vipuri vya pikipiki mimi, mteja ananyoosha mkono kunilipa, anaviona vidole vyangu, hela anaiweka juu ya kaunta. Taratibu. Kama anayemwekea mgonjwa sadaka.

Nyama nayo ni yangu. Buchani pale Mbuyuni mwenye bucha akiniona tu anaanza kupima kabla sijafungua mdomo. "Mangi, ya mzazi? Mbavu na mifupa kidogo?" Shilingi 10,000, kila baada ya siku mbili. Nikifika nyumbani namkabidhi mama mkwe, naambiwa ahsante baba, mlango wa jikoni unafungwa.

Kinachoendelea mle ndani nakijua kwa pua. Nyama inachemshwa na kitunguu mpaka inaanza kuachana na mfupa. Ndizi zinaingia. Pakishaiva, nyama inatolewa pembeni, na hapo mwiko wa Kibosho unaanza kazi: tup, tup, tup, anaponda mpaka hakuna ndizi tena, kuna kitu kizito kinachopumua mapovu makubwa, moja moja, bila haraka. Nyama inarudishwa. Maziwa yanaingia. Kijiko cha samli kinaingia. Basi harufu inapita chini ya mlango, inavuka sebule, inanikuta kwenye kochi, inanikalia kifuani.

Halafu mimi naletewa ugali na mnafu.

Sina neno baya na mnafu. Nimekulia mnafu. Lakini ule uchungu wake unataka mtu mwenye moyo mweupe, na moyo wangu wakati huo uko jikoni.

Siku ya pili nilijaribu. Nikasema kwa adabu, macho chini, "Mama, huo mtori naona umekuwa mwingi leo."

"Huu ni wa mzazi, baba. Maziwa yashuke."

Sasa mkwe akishasema hivyo wewe unaongeza nini? Utasema na wewe una maziwa?

Ningevumilia kama kweli ungekuwa wa mzazi peke yake. Lakini wageni! Wanakuja kumwona mtoto. Wanajumuiya wanakuja, majirani wanakuja, mashangazi ambao kwenye harusi yetu walikuwa na udhuru wanakuja. Mtoto anafunuliwa, anaangaliwa kwa muda wa kupiga chafya, "Eh, huyu ni mama yake mtupu," anafunikwa. Kisha wote wanakaa upande ule wa viti unaotazama jikoni. Na mama mkwe, ambaye kwangu mimi ni mtunza ghala wa jeshi, anatoka na sinia la mabakuli.

Shemeji yangu, kaka yake Mama Neema, alikuja kutoka Arusha. Kilomita 80, kakunjwa kwenye kiti cha dirishani. Kaleta pakiti moja ya pampasi, za mtoto wa kilo 12. Nikazihifadhi, Neema atazivaa akianza kutembea. Yeye akala mabakuli matatu, na kila bakuli akilisindikiza na hotuba kwamba Arusha hakuna mtori wa namna hii. Huyu mtu Jumapili yuko Kwa Mrombo anachaguliwa mbavu zichomwe, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye viwiko, ndiye anakuja kulia njaa kwangu! Alipomaliza akajipangusa mdomo, akanitazama, akasema, "Shemeji umenenepa. Mtori umekukubali."

Mimi nikacheka. Unafanyaje.

Wazee wetu huku Uchagani mbuzi akichinjwa kila kiungo kilikuwa na mwenyewe. Hiki cha fulani, hiki cha wajomba, hiki hakiguswi mpaka mkubwa afike. Watu wenye akili ya kumgawa mbuzi kwa utaratibu ule walishindwa nini kukaa dakika mbili wakaamua fungu la baba wa mtoto kwenye mtori?

Mateso yenyewe ni saa nane usiku. Mtoto anaamka kunyonya, na mzazi anafunguliwa hotipoti ale kidogo. Mimi niko upande wa pili wa ukuta, gizani, na kuku wangu. Nasikia mfuniko. Nasikia kijiko kikigonga bakuli. Ting. Kimya kidogo. Ting. Usiku wa saba simu ikawaka.

"Umelala?" Ni Mama Neema, kutoka chumbani.

"Nalalaje na hicho kijiko?"

"Baba Neema, nimeuchoka huu mtori. Naota chipsi mayai. Yenye pilipili nyingi."

Nikakaa kitako. Kumbe tuko wawili tunaoteseka kwenye nyumba hii, kila mmoja na njaa ya chakula cha mwenzake! Tukapanga palepale. Mimi nitaleta chipsi jioni, yeye atasema anataka kula akiwa peke yake, bakuli litanipitia dirishani.

Miaka ya nyuma kazi hii ingekuwa ndogo. Ulikuwa unatiliwa kwenye rambo nyeusi, unapiga fundo, unapita nayo hata mbele ya mbwa hajui. Lakini tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ni marufuku, na sikatai, mitaro yetu huku Pasua imepata nafuu, ila siri za wanaume wenye ndoa zimekwisha. Chipsi zinafungwa kwenye karatasi. Karatasi inalowa kabla hujapewa chenji. Nikatumbukiza ndani ya koti, Moshi na joto lake lote, mtu mzima nimevaa koti. Nikakaza mwendo. Hatua ya kumi nikahisi yai linanishuka ubavuni.

Mama mkwe alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Hakuinua uso.

"Baba, umepitia wapi? Unanuka stendi."

Nikasema shikamoo mama. Akasema marahaba, vua koti.

Nikavua. Akazipokea chipsi kwa vidole viwili. Akasema mzazi hali mafuta yaliyokaangiwa tangu asubuhi, mtoto ataumwa tumbo, lete nikatupe. Akaingia nazo jikoni. Kesho yake naosha vyombo (ndiyo, naosha), kwenye kikombe chake cha chai nikakuta vijiti viwili na mbegu za pilipili.

Sikusema kitu. Mpaka leo sijasema.

Basi siku ya 19 nikakata shauri. Mimi ni mwanaume, nina mshahara, niko Moshi, mji ambao mtori unauzwa asubuhi kama magazeti. Nikaenda kwa mama ntilie mmoja jirani na dukani, nikaagiza bakuli la shilingi 2,000 na chapati. Ulikuwa mtori wa kuelea, ukiinama unajiona nywele. Nyama ilikuwa imepita humo siku moja ikaacha salamu. Lakini ulikuwa wangu, na nilipopeleka kijiko cha kwanza mdomoni nilifumba macho.

Nilipofumbua, amesimama mbele yangu mama mmoja wa jumuiya.

"Baba Neema! Hongera kwa mtoto!"

"Ahsante mama, karibu."

Akaliangalia bakuli. Akaniangalia mimi. Akaliangalia tena bakuli, kwa huruma. "Haya baba. Kula tu baba." Akaondoka, na nikaona anatoa simu kabla hajavuka barabara.

Mimi jioni nilipanda bodaboda, na bado habari ilinitangulia. Mama mkwe yuko sebuleni, mikono mapajani, majirani wawili pembeni yake kama mabaraza ya kata. Mama Neema kaegemea mlango wa chumbani na mtoto, midomo kaibana asicheke.

"Baba. Nimekukosea nini?"

"Hapana mama."

"Mtori wangu una kasoro gani, mpaka mtu atoke nyumba yenye mzazi aende kula hotelini kama kapera?"

Jibu la haki lilikuwepo, fupi kabisa: sijawahi kupewa. Lakini hilo unamwambiaje mkwe, mbele ya majirani, na pilipili zake unazijua? Nikatafuta jibu jingine. Nikapata baya kuliko yote.

"Nilikuwa nalinganisha, mama."

"Unalinganisha!"

Akainuka. Mlango wa jikoni ukafunguka. Akarudi na bakuli, si lile la wageni, ni lile kubwa la maua, limejaa mpaka ukingoni, na mifupa miwili ya mbavu imechomoza. "Kaa. Linganisha."

Nikakaa. Ndugu zangu, nililitazama bakuli lile. Juu limeshika utando mwembamba unaong'aa, samli imejikusanya pembeni ya mfupa kama kidimbwi cha dhahabu. Limetulia. Hakuna hata mvuke. Na hapo ndipo nilipoponzwa, maana mtori ni mjanja, kile kizito kinafunika moto kwa ndani. Mimi mtu wa siku 19 sina muda wa kukumbuka. Nikachota kijiko kikubwa. Nikakitia chote.

Lile lilikuwa kaa la moto. Limenata kwenye ulimi, limepanda kwenye paa la mdomo, likajibandika. Kutema mbele ya mkwe huwezi. Maji yako mbali. Nikameza, nikasikia linashuka kituo kwa kituo mpaka tumboni. Machozi yakanitoka, yote mawili kwa mpigo, yakafuatwa na mengine.

"Analia," akasema jirani mmoja.

"Kamkumbuka mama yake," akasema mwingine.

Uso wa mama mkwe ukalegea. Akanishika bega, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. "Kula baba. Kula taratibu. Haya, upi mtamu?"

Ulimi umeshakufa. Nikatoa sauti kama "yayo yama." Wote wakapiga makofi. Nikala bakuli zima, mpaka mwisho, nikafyonza na mifupa, na sikupata ladha yoyote. Ni kama nimekula godoro la moto. Mama Neema yeye alikuwa ameshaingia chumbani, nasikia kitanda kinatikisika kwa kicheko.

Mama mkwe akaridhika. Akawaambia majirani nilikuwa na kiu tu ya kuonja, sasa nimeonja, yameisha. Kesho yake ukaletwa ugali na mnafu.

Ulimi wangu umepona jana. Nimeujaribu kwa chumvi, unafanya kazi vizuri kabisa. Kati ya zile 84 zimebaki siku 61, kuku tumeshazoeana, na hapa ninapoandika ni saa nane usiku, mtoto ameamka. Mfuniko huo. Subirini.

Ting.