Kasi ya treni si hoja, hoja ni stesheni iko wapi

Ubishi wa reli umerudi tena kwenye kundi letu la familia. Binamu yangu wa Tanga ametuma video ya treni ya umeme ya Dar es Salaam ikikimbia kilomita 160 kwa saa, chini yake akaandika: "Na nyinyi?" Upande wetu wa Mombasa ukapandwa na mori. Yetu ya Mombasa hadi Nairobi ilianza 2017, yenu 2024. Yetu ni ya dizeli, haijali umeme ukikatika. Nimesoma majibizano yote mpaka mwisho, na nimeudhika kwa sababu hakuna hata mmoja aliyegusa jambo linalomuumiza abiria: treni inamshusha wapi.

Yetu inakushusha Miritini. Kwa asiyetaka kukubali, huko ni bara, zaidi ya kilomita 10 kutoka katikati ya mji kisiwani. Ukielekea upande wa pili inakuacha Syokimau, kilomita kama 20 kutoka katikati ya Nairobi. Basi la usiku linaondoka Mwembe Tayari na kukuteremsha River Road. Ni bovu, linachosha, lakini linatoka mjini na kuingia mjini. Treni iliyogharimu Sh327 bilioni imeshindwa kufanya hivyo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba reli ya mizigo haikuishia Miritini. Iliendelezwa hadi ndani ya bandari, karibu na meli zenyewe. Kontena likatafutiwa njia kupita Port Reitz mpaka gatini, na binadamu akaachwa nje ya mji atafute tuktuk. Mtu alikaa mezani, akachora ramani, akaamua hivyo.

Mama yangu magoti yanamsumbua. Alipokuja kutoka Nairobi kwa treni ya mchana alifurahia safari, akahesabu ndovu wa Tsavo kama mtoto. Wakafika Miritini usiku umeshaingia. Nilichelewa kumpokea kwa sababu ya foleni ya malori Changamwe, nikamkuta amekaa juu ya begi lake, madereva wamemzunguka, kila mmoja na bei yake. Aliniambia, "Mwanangu, treni ni nzuri, lakini mimi nitarudi na basi." Na alirudi na basi.

Huambiwa kila mara kwamba kuna treni ndogo ya kuunganisha Syokimau na mjini. Ipo, nimeipanda, na inasaidia, nakubali. Lakini mwenye mtoto mgongoni na magunia mawili ya maembe hapaswi kubadilisha treni ili afike Nairobi, mji ambao wenyewe ulizaliwa na reli. Mwaka 1899 reli ilifika pale penye stesheni ya zamani, na mji ukaota kuizunguka. Wakoloni hawakutujengea kwa kutupenda, lakini angalau reli yao ilifika.

Sasa tazama Dar. Stesheni yao mpya imejengwa jirani kabisa na ile kongwe ya reli ya kati, katikati ya jiji, na njia ya treni imeinuliwa juu ya barabara kwa nguzo ili ipenye mitaani. Ukishuka, Posta na Kariakoo unaweza kwenda kwa miguu. Wametumia ukanda wa reli uliokuwepo tangu enzi za Wajerumani badala ya kuukimbia. Hilo, kwangu mimi, linazidi kilomita 160 kwa saa.

Hawajapatia kila kitu. Morogoro wameiweka stesheni Kihonda na Dodoma wameiweka Mkonze, na wenyeji wa huko wana malalamiko kama yetu. Mabasi ya mikoani nayo waliyahamisha kutoka Ubungo hadi Mbezi, mbali zaidi na mjini, na binamu yangu huyuhuyu hulalamika kila akisafiri. Umeme umewahi kuzisimamisha treni zao njiani. Haya yote nayajua, wala siwasifu kwa kupenda kuwasifu.

Jibu la wakubwa wetu ni kwamba ardhi ya mjini ni ghali. Ni ghali, ndiyo. Lakini kuihepa hakukuiondoa gharama, kuliihamishia mfukoni mwa abiria, anayeilipa kwa teksi na kwa saa zake kila anaposafiri, na watoto wake watailipa vilevile. Tangu Januari 2024 tikiti ya daraja la chini ni Sh1,500. Hiyo ni bei ya Miritini hadi Syokimau. Bei ya Mombasa hadi Nairobi anaijua mwenye kusafiri.

Sitaingia kwenye suala la mizigo kulazimishwa kupanda treni, na vijana wa Changamwe na Mariakani waliokosa kazi za malori. Hilo linahitaji siku yake.

Ninachotaka ni kimoja. Tangu 2019 reli yetu inaishia upande wa Naivasha, na kila msimu wa siasa tunaahidiwa Kisumu na Malaba. Safari hii, kabla mtu hajatuonyesha picha ya kichwa cha treni, atuonyeshe ramani ya mji wa Kisumu na aweke kidole mahali stesheni itakapokaa. Watu wa Kisumu waulize swali hilo kwenye mikutano ya hadhara mapema, kabla nguzo hazijasimama. Sisi wa Mombasa tuliuliza wakati nguzo zimeshasimama.