Kinga ya Mwili Si Tangi la Kujaza Maji

Kila Juni, baridi ya Mbeya ikianza kuuma, biashara mbili huchangamka: masweta ya mtumba Mwanjelwa na chupa za "kuongeza kinga". Ya kwanza sina ugomvi nayo, hata mimi ni mteja.

Mama mdogo alinunua chupa moja pale Kabwe, kwa kijana mwenye kipaza sauti kilichorekodiwa, vile vinavyosema jambo moja tangu asubuhi mpaka magharibi: inaongeza kinga, inasafisha damu, inatoa gesi, inatibu vidonda vya tumbo na nguvu za kiume. Shilingi 25,000. Na alikuwa na mafua tu. "Mwanangu, kinga yangu imeshuka," aliniambia kwenye simu, nikajua hapo hapo kwamba maneno yale si yake, ni ya kipaza sauti.

Sisi wengi neno kinga tulilijua kwa mlango wa msiba. UKIMWI ni Ukosefu wa Kinga Mwilini, na watu wa nyanda hizi, Njombe, Iringa na Mbeya, tulizika mno kabla dawa za ARV hazijatufikia. Ndipo tukajifunza kwamba kinga ni kitu cha kuhesabu, kwa seli za damu ziitwazo CD4. CD4 zake ngapi? Zimeshuka? Zimepanda? Kama uniti za umeme wa luku. Kwa mwenye VVU hesabu hiyo ina maana, kwa sababu virusi vinashambulia seli zile zile zinazoongoza ulinzi wa mwili. Lakini hata hapo tazama ARV inafanya nini. Inazuia virusi visizaliane, halafu seli zinarudi zenyewe, polepole. Dawa haikumwaga kinga yoyote ndani ya mtu, ilimzuia mwizi.

Ile hesabu ya luku tumeihamishia kwa kila mwenye mafua, na hapo ndipo wauza chupa walipopata mtaji.

Chukua mwiba. Umechomwa kidole cha mguu ukipalilia mahindi. Ngozi ndiyo ukuta wa kwanza na umeshatobolewa. Baada ya saa chache pale panavimba na kupata moto, kwa sababu mishipa midogo imetanuka ili seli nyeupe za damu zipite. Za kwanza kufika ni askari wa kawaida wasiouliza jina: wanameza vijidudu, na wengi hufia hapo hapo. Usaha unaoukamua kesho yake ni mizoga yao. Wakati huo huo seli nyingine zinabeba vipande vya adui na kuvipeleka kwenye tezi iliyo karibu. Ndiyo maana kidonda kiko mguuni, mtoki unavimba kinenani. Bibi yangu hakusoma hata darasa moja, lakini ukimwambia una mtoki, hakugusa kinena. Alianza kukagua miguu.

Ndani ya tezi ile kuna kazi ya kutafuta. Mwili una mamilioni kwa mamilioni ya seli, kila moja imeumbwa itambue kitu kimoja tu, na nyingi zitakufa bila kukutana nacho. Vipande vya adui vinapitishwa mbele yao mpaka apatikane anayemjua. Akipatikana anaanza kujizidisha, maelfu kwa maelfu. Baadhi wanatengeneza kingamwili zinazomnata adui, wengine wanaua seli zilizokwisha ambukizwa. Kazi hii inachukua siku kadhaa, na ndiyo sababu mafua hayaishi kesho. Homa, uchovu na kukosa hamu ya kula vingi ni kelele za vita vya mwili wenyewe. Mtu anayelalamika kwamba kinga yake imeshuka kwa sababu ana homa, homa ile ni kinga yake ikiwa kazini.

Vita vikiisha, wachache wanabaki kama kumbukumbu. Chanjo inafanya hivyo tu: inaonyesha sura ya adui bila adui mwenyewe. Ndui, iliyoua watu kwa karne nyingi, ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980 kwa njia hiyo. Na surua ina ubaya ambao wazazi wengi hawajaambiwa: virusi vyake vinaharibu seli za kumbukumbu, hivyo mtoto akishapona anaweza kuwa amesahau magonjwa mengine aliyokwisha kuyajua. Ukikosa kumpeleka mtoto kliniki kwa ajili ya surua, hujacheza na surua peke yake.

Sasa nimuulize yule kijana wa Kabwe: unaongeza kipi? Askari wa kwanza, au kingamwili? Maana kinga ikizidi nayo ni ugonjwa. Mtu wa pumu au mzio, kinga yake inapigana na vumbi na poleni, vitu visivyo na kosa. Baridi yabisi ni kinga inayoshambulia viungo vya mwenyewe. Kama chupa ile ingekuwa inafanya kweli inachosema, ningeogopa kumpa mtu yeyote.

Tuje kwenye chakula, maana hapa naona aibu kama mtu wa kusini. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa. Njombe nusu. Rukwa karibu nusu. Taifa zima ni watoto 30 katika kila 100. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi! Malori ya viazi, mahindi na maharage yanatoka huku usiku na mchana, na parachichi zetu zinapanda meli kwenda Ulaya. Mtoto wa mkulima anaachwa nyumbani na uji mweupe wa sembe, mama yuko shambani tangu alfajiri, mayai yamekwenda gulioni, maziwa yameuzwa yote kwa wenye madumu. Kingamwili zinajengwa kwa protini. Bila zinki na vitamini A, kuta za utumbo na mapafu zinalegea, mtoto anahara, akihara anapoteza hata kile kidogo alichokula, anadhoofika, anahara tena. Kinga yake haijashuka yenyewe. Tumeiuza kwa trei.

Sisemi mkulima ni mjinga. Ada ya shule hailipwi kwa yai. Ila tukubali kwamba yai moja, kiganja cha maharage na kipande cha parachichi kwenye bakuli la mtoto vina uwezo ambao hakuna chupa inao, na vyote vinatoka shambani kwetu.

Mengine ni madogo na watu wanayajua. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa kwa ajili ya baridi linachubua njia ya hewa, na linaweza kukuua usiku huo huo kabla hujafikiria habari za kinga. Malimao, kula, ni mazuri, lakini vitamini C ikizidi unaikojoa. Nyungu ya mikaratusi tuliyopiga mwaka 2020, wakati wa korona, inalegeza makamasi, unapumua vizuri kidogo, basi. Usingizi nadhani ndio unaodharauliwa kuliko vyote: kuna watafiti wa Marekani waliowatia watu wazima virusi vya mafua puani kwa makusudi, na waliokuwa wakilala chini ya saa sita waliugua zaidi sana kuliko waliozoea kulala saa saba na kuendelea. Usingizi hauuzwi Kabwe, labda ndiyo sababu hatuusikii kwenye kipaza sauti.

Mama mdogo alipona siku ya saba, kama mafua yanavyopona. Akanipigia. "Unaona sasa? Dawa imefanya kazi." Nikamuuliza, na usipokunywa dawa mafua hukaa siku ngapi? Akanyamaza kidogo, akacheka, akasema mimi tangu nianze kufundisha baiolojia nimekuwa mbishi kama marehemu baba yangu. Chupa ameiosha, siku hizi anawekea mafuta ya alizeti. Juzi kaniagiza nimpelekee trei ya mayai, ya mjukuu, akasisitiza, si ya kuuza.