Gamba la kome halitoshi

Mkoa wa Dodoma umekaa kwenye mgongo wa mabonde matatu. Maji ya bwawa la Hombolo hushuka mto Kinyasungwe, yakaingia mto Wami hadi Bahari ya Hindi. Bwawa la Mtera ni maji ya mto Ruaha Mkuu, safari yake ni Rufiji. Mto Bubu huishia kwenye kinamasi cha Bahi, hautoki tena. Sasa mtu akiokota gamba la kome, mnyama wa majini mwenye gamba la vipande viwili, Hombolo na jingine Mtera, akayaona yanafanana, je, ameokota spishi moja?

Wanaotetea kutambua spishi kwa gamba badala ya vinasaba husema ndiyo, na wana hoja. Gamba halitaki umeme wala kemikali za kuagiza nje. Mwanafunzi wa shule ya kata analipima kwa rula. Tena majina ya zamani yamefungwa kwenye magamba makavu: Pleiodon spekii wa Ziwa Tanganyika alipewa jina mwaka 1859 kutokana na magamba ya msafara wa Burton na Speke, uliopita hapa hapa Ugogo kwenda na kurudi. Anayelidharau gamba hilo hana pa kulishikia jina.

Lakini gamba hufinyangwa na maji. Mwaka 1920 mtafiti Ortmann alionyesha, kwa kome wa mito ya Marekani, kwamba spishi ile ile huwa bapa kwenye vijito vya juu na nene kadiri mto unavyopanuka. Kabla yake Mfaransa Bourguignat alikuwa ameona spishi mpya karibu katika kila mabadiliko ya umbo, maziwa yetu yakiwemo, na majina yake mengi yamefutwa. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: spishi mbili zikijificha nyuma ya gamba moja, moja inaweza kutoweka bila mtu kujua kwamba ilikuwepo.

Vinasaba vinaeleweka vibaya pale vinapochukuliwa kuwa mashine ya kupachika majina. Faida yake kubwa ni historia. Kome mzima hutambaa kidogo tu kwenye tope. Anayesafiri ni lava wake, yaani mtoto wake mchanga, anayejishika kwenye matamvua au mapezi ya samaki, akabebwa, kisha akadondoka mahali pengine. Kwa hiyo ukoo wa kome hufuata samaki, na samaki hufuata mito. Kome wawili wenye nasaba ya karibu wakikutwa kwenye maji yaliyotengana, kuna uwezekano mkubwa kwamba maji hayo yaliwahi kukutana. Vinasaba vya kundi la kome wa Afrika liitwalo Coelatura vimeonyesha miungano ya namna hiyo kati ya maji ya Bonde la Ufa, na ndugu zao wengine wako Asia. Hakuna rula inayoweza kusoma habari hiyo.

Vinasaba navyo vina mtego wake, na wanaovitetea wausema waziwazi. Katika kome wengi mitokondria, vijisehemu vya seli vyenye vinasaba vyake vyenyewe, hurithiwa kwa njia mbili: ya mama huenda kwa watoto wote, ya baba huenda kwa wana wa kiume na kukaa kwenye mbegu zao. Nasaba hizo mbili zinaweza kutofautiana kwa zaidi ya asilimia 30. Mtafiti akikata nyama kwenye korodani bila kujua, dume na jike wa spishi moja watatokea kama wageni kabisa. Ndiyo maana sampuli hukatwa kwenye mguu au pembeni mwa mwili, na jeni za kwenye kiini cha seli husomwa pia.

Kinachonihangaisha ni ndoo za vifaranga vya samaki. Perege wakitolewa kwenye maji yenye kome na kupandwa bwawa la bonde jingine, lava huenda nao, na kilichotenganishwa na mito kwa maelfu ya miaka huchanganywa asubuhi moja. Kazi ya kufanya sasa ni ndogo: kutoka kila bonde, kipande cha nyama ndani ya spiriti kali, na gamba lake kavu pembeni, vyote vikiwa na namba moja, vihifadhiwe Chuo Kikuu cha Dodoma kabla ndoo nyingine hazijamwagwa.