Nilikwenda dukani na mizani

Godoro langu la kwanza hapa Hamburg niliokota barabarani. Wajerumani hutoa vyombo vikubwa nje visombwe, na mwanafunzi mwenye macho hapiti hivihivi. Kunguni sikupata, namshukuru Mungu, lakini mwezi wa pili nilikuwa naamka nimejikunja kama kaa.

Ndipo nikaenda dukani, nikakuta kitu ambacho kwetu Tanga sikuwahi kukiona: godoro lenye namba. Ziko mbili. Moja ni H, ya ugumu: H2, H3, H4. Hiyo usiitegemee sana, kila kiwanda hujipangia H yake. Nyingine ni kilo, ndiyo densiti, yaani mita moja ya ujazo ya sponji hiyo ina uzito gani. Ikiwa 25, litatengeneza bonde mapema. Ikiwa 40 au 50, mtakaa pamoja miaka mingi. Ugumu na uimara ni vitu viwili. Sponji hafifu hutengenezwa ngumu vizuri tu, ukaibonyeza dukani ukaisifu, na mwaka haujaisha kiuno chako kimeshachimba shimo lake.

Sisi tumeyachanganya yote mawili katika neno moja: hai densiti. Kuanzia Chumbageni hadi Makorora, ni godoro gani halijaandikwa hivyo? Muulize muuzaji densiti hiyo ni kilo ngapi. Atalipiga ngumi ulione, aseme: "Hili gumu, kaka, halibonyei hili."

Na huo ugumu nao tumeupenda kupita kiasi. Mtu akilalamika mgongo, mtaa mzima unamshauri alale chini kwenye mkeka. Mwaka 2003 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti wa Hispania uliohusu watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Waliolalia magodoro ya ugumu wa kati walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa magumu. Ukilala ubavu, bega na nyonga vinatakiwa vizame kidogo ili uti wa mgongo unyooke. Mimi hulala chali nikapitisha kiganja chini ya kiuno: kikipita bila kugusa kitu, godoro ni gumu mno kwangu, kikigoma kabisa, limenimeza.

Sisemi huku ni peponi. Godoro linakuja limebanwa na kuviringishwa ndani ya boksi, ukilifungua linaumuka kama andazi na kunuka kiwanda siku mbili tatu. Mke na mume wengi hulalia magodoro mawili kwenye kitanda kimoja, na mfereji katikati. (Hilo nimelikataa, na mke wangu analijua.) Lakini ukinunua mtandaoni una siku 14 za kulirudisha, na mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hata nailoni ukishaitoa, haki hiyo haipotei. Kwetu risiti yenyewe inakuonya: mali ikishauzwa hairudishwi.

Tulipowashinda ni kwenye maisha ya godoro. Hapa likifika miaka kumi hivi linatupwa. Kwetu linaanzia chumba cha wazazi, linahamia kwa watoto, linakwenda kwa mlinzi, na mwisho linakatwa vipande vya kujazia kochi. Linastaafu kwa awamu.

Desemba nilirudi, nikataka kumnunulia mama godoro la tano kwa sita, inchi 8. Hesabu yake ni nyepesi: futi 5 mara 6 mara theluthi mbili, unapata futi za ujazo 20, karibu mita ya ujazo 0.57. Kwa densiti ya 30 sponji yake iwe na kilo 17. Kwa 20, kilo 11 na ushei. Nikaingia dukani na mizani ya kujipimia, nikapanda nimekumbatia godoro, nikatoa uzito wangu. Watu walijaa mlangoni. Magodoro mawili ya kipimo kilekile, yote "hai densiti": moja kilo 11, jingine 16 na nusu. Bei zilipishana kidogo tu, na muuzaji mwenyewe akaacha kucheka, akaniomba nimpimie na la tatu. Nilisugua pia kona ya sponji kwa kidole, maana wapo wanaochanganya unga wa chokaa ili iwe nzito, na hiyo hupukutika.

Kisha nikakiangalia kitanda. Chaga tano! Kati ya moja na nyingine mkono unapita. Godoro la kilo yoyote lingezama humo, na mama angelilaumu godoro. Nilimwita fundi aongeze chaga nane, kazi ya nusu saa.

Mama alilikagua, akalikalia, akasema limetulia. Nilipotaka kutoa nailoni akanishika mkono. "Baba, unataka liingie vumbi?" Nikamweleza habari za jasho na joto la Tanga, hewa lazima ipite. Akanisikiliza kwa adabu zote, akatandika shuka juu ya nailoni. Godoro lake la zamani, lenye bonde la miaka 14, likapelekwa chumba cha wageni, na mgeni mwaka huo nilikuwa mimi.