Stesheni wagoni ya manyuali: achana na herufi ya namba

Watu wengi wakianza kutafuta gari la mtumba hapa Tanzania, swali la kwanza ni namba, yaani ile herufi inayoanza kundi la herufi tatu za mwisho kwenye pleti ya gari. Wanataka namba E, wakibanwa sana na bajeti wanakubali namba D. Namba C hata picha zake hawafungui. Kama unatafuta stesheni wagoni ya bei nafuu yenye gia za manyuali, utaratibu huo utakuzungusha bure. Herufi inakwambia gari lilisajiliwa lini hapa kwetu. Haikwambii lilitengenezwa lini, na haikwambii limebeba nini.

Chukua Probox, ambayo kwa kazi na familia sijaona ya kuishinda kwa bei yake. Yenyewe na pacha wake Succeed zilianza kuuzwa Japani mwaka 2002, na giaboksi ya gia tano za mkono ilikuwepo kwa anayeitaka. Mwaka 2014 Toyota wakaifanyia maboresho makubwa na manyuali ikaondolewa, ikabaki CVT, aina ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya hatua za gia. Maana yake hata Probox ya manyuali iliyo changa kuliko zote imeshapita miaka kumi. Wenzetu wa Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo wamebaki na zile zilizoingia zamani. Sisi bado tunaweza kuagiza, lakini TRA wana ushuru wa uchakavu, na kwa gari dogo la abiria lililozidi miaka 10 ni asilimia 30, juu ya kodi nyingine zote. Ndiyo maana nashauri ununue iliyokwisha kuwepo nchini. Probox namba C iliyotunzwa naichagua mbele ya namba E iliyochoka.

Na kwa nini nang'ang'ania manyuali? Kwa sababu klachi ikiisha Ifakara au Mbulu, fundi wa palepale anashusha giaboksi, anafunga klachi pleti mpya na safari inaendelea. CVT inataka oili yake maalumu na fundi anayeijua, na nimeona nyingi zikifa kwa kuwekewa oili yoyote iliyokuwa dukani. Halafu kuna milima. Kushuka Kitonga na mzigo ukiwa umeshikilia gia ya pili, breki zako zinapumzika.

Ukilipata gari, kabla hujaliwasha fungua boneti utafute kibati cha chesisi. Siku hizi kuna magari mengi yaliyozaliwa otomatiki, giaboksi ikafa, mwenyewe akafunga ya manyuali ya kuokoteza. Kwenye kibati cha Toyota kuna mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Kwa Probox ya zamani, msimbo ukianza na C gari lilitoka kiwandani na manyuali. Ukianza na U lilikuwa otomatiki. Muuzaji atakwambia haina shida. Shida ipo, kwa sababu kazi ya kubadilisha hutegemea mikono ya mtu, na nyaya zilizokatwa huleta taa za ajabu kwenye dashibodi miezi kadhaa baadaye. Mimi gari la hivyo naliacha, hata lishushwe bei vipi.

Klachi nayo ina kipimo chake. Vuta handibreki hadi mwisho, weka gia ya tatu, achia klachi taratibu huku ukigusa mafuta kidogo. Injini inatakiwa kuzima hapohapo. Ikiendelea kuunguruma huku gari limetulia, pleti imeisha. Kanyaga pedali ya klachi injini ikiwa inazunguka bila gia: mlio unaotokea ukikanyaga na kupotea ukiachia ni wa beringi ya klachi. Na omba kuendesha asubuhi gari likiwa la baridi, maana giaboksi inayokwaruza kuingia gia ya pili huficha ugonjwa ikishapata moto.

Kisha nenda nyuma. Probox ya van ilipangiwa kilo 400 ikiwa na watu wawili, na kilo 250 ikiwa na watano. Hapa kwetu hupakiwa magunia mpaka matairi yanazama kwenye madigadi. Angalia kama sakafu ya buti imebonyea, kama springi zimeongezwa vipande vya mpira, kama mlango wa nyuma unafunga bila kusukumwa.

Corolla Fielder ya 1500 nayo ilitoka na manyuali, hata toleo lililoanza 2012, na imetulia zaidi kwa safari ndefu. Ni adimu kwelikweli, kwa hiyo ukiiona, kaikague siku hiyohiyo.

Kwenye bei usiwe na haraka. Madalali wenyewe wanajua wateja wa manyuali wamepungua, vijana wengi wamejifunzia otomatiki, na gari la namna hii hukaa yadi muda mrefu. Taja bei yako, mwachie namba ya simu, ondoka.